Alama Chini ya Mimbari

Inasimuliwa kwamba siku ya Alhamisi, tarehe tisa Rajabu, baina ya adhuhuri na alasiri, katika mji mmoja wa Yemen, khatibu Sheikh Jaabiri alipanda mimbari mpya ili kuijaribu. Daraja la pili likapasuka, naye akaanguka na kuteguka mguu.

Mimbari ile ilitoka katika karakana ya Maalim Harithi. Desturi ya maseremala wake ilikuwa kukabidhi kazi kwa kuiwekea viganja wote pamoja na kusema, "Ni kazi yetu." Miongoni mwao alikuwamo Danyali, Mrumi aliyesilimu, ambaye kwao kila fundi huitia kazi yake alama. Mazoea hayo hakuyaacha. Kila ubao aliouchonga aliuchora jani dogo upande wa chini.

Maalim alikuwa akimtania, "Ndugu yetu, hata mwiko utaupa nasaba?"

"Ukivunjika, Maalim, mkeo amgombeze nani?"

Baada ya anguko lile, Kadhi wa mji akawaita maseremala, ubao uliopasuka ukiwa mbele yake. "Nani aliyetengeneza daraja hili?"

"Sisi sote, Kadhi wetu."

"Basi karakana yenu itafungwa."

Danyali alijua daraja lile ni lake. Alama ilitazama chini, na hakuna aliyeiona. Lile neno "sisi" lilimsitiri. Akainama, akaugeuza ubao.

"Ni mimi, Kadhi. Niliupigilia kabla haujakauka. Adhabu iwe yangu."

Kisha Maalim Harithi akasema, "Mtoto wa watu hataadhibiwa peke yake. Ubao mbichi niliununua mimi, kwa pupa yangu."

Seremala Mubashiri akainamisha kichwa. "Nami nilisikia harufu ya utomvu, nikanyamaza."

Kadhi akatabasamu. "Mliposema 'sisi' sikumwona mtu. Sasa nawaona. Nendeni mkatengeneze."

"Na mkimaliza," akasema Sheikh Jaabiri kutoka mkekani alikolazwa na mguu wake, "apande kwanza aliye mnene."

Ndugu zangu, watu wa mashariki hujitambua kwa jamaa zao, na wa magharibi kila mtu kwa nafsi yake. Nasi katika sala, hata aliye peke yake humwambia Mola wake "sisi". Na Siku ya Hesabu atajibu "mimi".

Wanaodai kwamba haya yalitokea Ijumaa wamekosea, kwani Ijumaa ile Sheikh alihutubu ameketi kigodani. Na wanaodai kwamba Danyali aliacha kutia alama, nao wamekosea. Jani lake lipo chini ya daraja jipya, ila limezungukwa na alama za wenziwe.