Gari la Kifaru Lisilokula Kitu

Hapo zamani za kale, wanangu, lakini si kale sana, maana umeme ulikuwa umeshafika porini, Kifaru alikuwa na nyumba. Mbele alikaa yeye, uani alipangisha Nguchiro na wanawe watatu. Mita ilikuwa moja, pale barazani, na umeme walichangia nusu kwa nusu.

Kifaru alikuwa amenunua gari la umeme. Weee! Hakuna mpita njia aliyesalimika. "Halinywi petroli! Halinywi dizeli! Halili kitu!" Kila jioni alilichomeka ukutani, akaingia ndani kula.

Jumamosi moja asubuhi akachungulia mita. Moyo paa! Yuniti thelathini walizoingiza Alhamisi zimebaki mbili.

"Toba yarabi! Nguchiro! Ni hilo jokofu lako la barafu!"

"Mzee wangu, jokofu hilo ninalo mwaka wa tatu..."

"Kimya! Leo hii unahama, wewe na watoto wako!"

Masikio ya Nguchiro yakalala. Aende wapi na watoto watatu? Lakini mwili mdogo si akili ndogo.

"Nimekubali, mzee. Ila nihamishe kwa gari lako, nami nionje raha. Lichaji lijae. Yuniti thelathini nanunua mimi, kwa akiba yangu ya mwisho. Na ili jokofu langu lisiziibe, plagi yake naifungua kwenye waya, ikalie mwenyewe. Nikionekana mlafi ni mimi, nahama. Akionekana mwingine, huyo anunue umeme wa nyumba nzima siku zote."

"Mwingine nani? Nimekubali!" Kifaru akanguruma, akamwita jirani yake Pundamilia awe shahidi na msoma mita.

Wakazima kila kitu. Kifaru akachomeka gari lake, akaketi juu ya plagi ya jokofu, pwaa! Taa nyekundu ya mita ikaanza kukonyeza: tik-tik-tik-tik!

Jua likapanda. "Ishirini na tano," akasoma Pundamilia.

Kifaru akacheka. "Mita mbovu hiyo."

"Kumi na nane!"

Kicheko kikakatika. Kifaru akajiinua, akatazama chini. Plagi ipo, imelala vilevile.

"Kumi na moja!"

"Haiwezekani! Nimeikalia!" Akakimbia uani, vumbi tifu! Akashika pasi: baridi. Birika: baridi. Jokofu limenyamaza, na barafu ya Nguchiro inayeyuka, to, to, to. Kifaru akarudi mbio barazani. "Nguchiro, nyumba yangu ina jini!"

"Mzee, hebu njoo," akasema Nguchiro. Akachomoa waya wa gari. Taa ya mita ikanyamaza. Akachomeka: tik-tik-tik-tik! Akachomoa: kimya.

Kifaru akabaki mdomo wazi, nzi waingie watoke. Akalitazama gari, akaitazama mita, akalitazama gari tena. "Ni wewe?" akanong'ona. "Wewe? Na kila jioni nakufunika turubai usipate baridi!"

"Mlaji ameonekana," akasema Pundamilia. "Umeme wote ni wako, mzee, kama ulivyokubali."

 Nguchiro aliokota plagi yake, akaipangusa, akaenda kuwaambia watoto wafungue mizigo.

Nami nimefikia ukingoni, wanangu: kikulacho ki nguoni mwako.