Mkeka wa Mize

Hapo zamani, wakati kila mwanamke wa kijiji chetu alisuka ukili wa mikeka, palikuwa na binti aitwaye Mize. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, lakini mkeka hakuwahi kumaliza. Asubuhi alikupenda akakuona malaika. Ukichelewa kidogo, jioni umekuwa adui, na ukili wote ameukatakata kwa kisu. Msimcheke. Maskini, aliogopa kuachwa kuliko mnavyoogopa moto.

Mama yake, Bi Hidaya, kila alipoitwa alikwenda mbio. Aliacha chungu kikaungua, akamshika mikono mpaka kilio kikatulia.

Shoga yake, Raya, alitukanwa harusini mbele ya watu. Akasema, "Umeniumiza, Mize. Nakwenda zangu." Akanuna, akanuna hasa. Kisha siku moja akarudi na fungu la ukindu, akakaa, akaanza kuuchana kana kwamba aliondoka jana.

Bi Ruzuna alikuwa fundi wa kusikiliza wenye nyoyo zilizovurugika. Alikuja kila Jumatatu alasiri. Jua likifika kizingitini, huyo anaaga. Mize alimpigia kelele: "Ukitoka usirudi!"

"Hasira yako nimeisikia, mwanangu. Jumatatu nakuja."

Akaja. Alipofungiwa mlango, alikaa barazani mpaka wakati wake ukaisha.

Mwaka ule Mize akamaliza mkeka. Mmoja tu. Akataka kumpa aliyemponya.

"Ni mimi," akasema mama. "Bi Ruzuna akishakwenda zake, nani alikushika mikono?"

"Wewe umemzaa, na Bi Ruzuna ni kazi yake," akasema Raya. "Mimi sikulazimika kurudi. Nilirudi."

Bi Ruzuna akasema polepole, "Ningekuja kila nilipoitwa, Mize angejuaje kwamba mtu huondoka na bado akampenda?"

Mkono wa Mize ukakifuata kisu, ukakishika. Akakirudisha chini.

"Nikimpa mmoja," akauliza, "wawili mtaniacha?"

"Mimi nitanuna," akasema Raya. "Halafu nitakuja."

Mize akacheka huku analia. Akaukunja mkeka wake mzima, akauweka begani, akainuka, akamwendea mmoja wao bila kuwatazama wengine kwa hofu.

Haya, ninyi mliokaa hapa, msinijibu kwa pupa: alimtandikia nani?