Trekta la Bura Halina Mawe

Tajiri Gwandu wa Karatu alinona mwili na majivuno. Siku ya kushindanisha matrekta makuukuu kuvuta gogo, alikusanya kila jiwe na chuma kijijini kuongezea trekta lake uzito. Dereva wake akalivuta gogo nusu ya uwanja. Zamu ikawa ya Bura, mshindani wake, na atakayeshindwa angemwachia mwenzake trekta lake.

"Bila uzito tairi zako zitateleza tu," Gwandu alimcheka.

"Najua, bosi. Ila tafadhali, usipande huku nyuma kunichunguza."

"Kumbe una lako jambo! Napanda, na kaka zangu wawili!"

Wakapanda, mapande ya watu, juu ya magurudumu ya nyuma. Tairi zikang'ata udongo, gogo likafika mwisho wa uwanja.

Bura akageuka. "Mawe ulininyima, vitambi ukanipa bure. Shuka, bosi, ukaniletee na trekta."