Koplo Aliyepiga Hodi Vitani

Hapo zamani, na niwaambie mapema kwamba ni zamani ambayo bado haijafika, mbingu ilichanika. Ilichanika kama shuka linalovutwa na watoto wawili kitandani. Kwenye ule mpasuko watu wa dunia ya Mwangani wakachungulia, wakawaona watu wa dunia ya Sakwe. Watu wa Sakwe nao wakachungulia, wakawaona watu wa Mwangani. Kabla ya hapo hakuna aliyejua kuwa mwenzake yupo.

Wangeweza kusalimiana. Lakini katikati ya mpasuko ilikuwapo dunia nyingine, ndogo, changa, ina mvua zake na udongo wake mweusi, na haina mtu. Mwangani wakasema ni yetu, tumeiona kwanza. Sakwe wakasema ni yetu, tumeiona kwanza. Basi, vita.

Naona mnacheka. Kwani ninyi huko majumbani hamjagombania kipande cha uwanja kisichotosha hata kuanika nguo?

Wakapigana mpaka waliozaliwa vitani wakawa wazee wa vitani. Mwangani walikuwa na merikebu za angani na mzinga mmoja mkubwa sana. Sakwe walikuwa na boma. Boma hilo walilijenga juu ya ile dunia ndogo, wakalizungushia pazia la moto lisiloonekana. Risasi ikigusa pazia, inayeyuka. Kombora likigusa pazia, linayeyuka. Merikebu ikigusa pazia, hata cha kuzika hakipatikani. Pazia lilikuwa na kasoro moja tu: mlango wa boma ulitokeza nje yake, na mlango ukifunguliwa, pazia linashuka, na mlango ukifungwa, pazia linapanda.

Mkuu wa majeshi ya Mwangani alikuwa Jemadari Mwanamkasi, mwanamke wa maneno machache. Alipoijua kasoro ile akamwita Koplo Vuai, akampa kazi. Vuai aende kimya hadi mlangoni, aufungue kwa nguvu, pazia lishuke, na yeye jemadari kule juu apige mzinga, boma liishe. Vuai akauliza wakati huo yeye atakuwa wapi. Jemadari hakumficha, akamwambia atakuwa hapo hapo mlangoni. Vuai akasema sawa, afande. Alikuwa askari, na askari wa vita vile walishazoea kuambiwa mambo kama hayo asubuhi na kunywa chai baadaye.

Vuai alibeba bunduki, na kwenye kofia yake ya chuma alibeba mkalimani. Mkalimani ni mashine ndogo. Askari akisema neno kwa lugha ya Mwangani, mashine inalitoa kwa Kisakwe, kwa sauti kubwa. Msakwe akijibu, mashine inamnong'oneza askari kwa lugha ya kwao. Iliundwa kwa ajili ya neno moja hasa, nalo ni "jisalimisheni". Vuai aliipa jina Kasuku. Mimi nami nitamwita "yeye", maana ana mdomo kuliko baadhi yenu mliokaa hapa.

Sasa lisikilizeni kosa lenyewe.

Vuai alilelewa na bibi yake, na kwa bibi yule mtoto akiingia bila hodi anarudishwa nje akaanze upya. Likamkaa. Vuai alipiga hodi kwa jirani. Alipiga hodi ofisini kwa sajini. Alipiga hodi hata kwenye hema lake mwenyewe, alimokuwa analala peke yake, na wenzake walimtania mpaka wakachoka. Siku hiyo akafika mlangoni kwa adui, bunduki mkononi, pumzi ameibana. Akainua mguu aupige mlango teke. Kabla mguu haujafika, mdomo ukasema, "Hodi."

Kasuku akatafsiri. Boma zima likasikia.

Nyuma ya mlango alikuwa mlinzi wa zamu, mwanamke wa Kisakwe aitwaye Irule. Alikwisha mwona Vuai kupitia tundu la ukutani, na silaha yake ilikuwa imemlenga kifuani. Amri aliyopewa ilikuwa nyepesi: anayegusa mlango, apigwe. Lakini kilichomfikia masikioni hakikuwa hodi. Kisakwe hakina hodi, kwa sababu Sakwe nyumba hazina milango, na mlango wa boma lile ndio wa kwanza waliowahi kuutengeneza. Alichosikia Irule ni hiki: "Nina njaa."

Na Sakwe, mtu akisimama kwako akasema ana njaa, haguswi mpaka ale. Akishakula kwako, haguswi tena maisha yake yote. Hiyo si sheria iliyoandikwa. Ndivyo wanavyolelewa, kama Vuai alivyolelewa na hodi yake. Irule akamtazama yule mwenye njaa aliyeshika bunduki ndefu kuliko yeye mwenyewe. Akashusha silaha, akafungua mlango, akasema neno ambalo Kasuku alilinong'ona sikioni mwa Vuai hivi: "Karibu."

Kijana wa watu angefanya nini? Ameambiwa karibu. Akaingia.

Pazia likashuka. Kule juu Jemadari Mwanamkasi akaliona likishuka. Mzinga ule ulikuwa na kishikio kinachobanwa mara mbili. Kubana kwa kwanza kunauamsha, kubana kwa pili kunaufyatua. Alikuwa ameshabana mara ya kwanza, na ngumi yake bado imefumba. Mara akasikia kwenye redio sauti asiyoitarajia. Ilikuwa sauti ya mtu anayetafuna.

"Koplo," akasema, "unafanya nini?"

"Nakula, afande."

"Unakula nini?"

"Sijui, afande. Wameniongeza."

Maofisa nyuma yake wakamwambia apige. Baraza la Mwangani likapaza sauti kwenye redio nyingine, likamwambia apige, pazia liko chini, nafasi kama ile haitarudi. Jemadari alikuwa ametii tangu usichana wake. Alitii ilipouma na alitii ilipomtoa machozi. Safari hii akasikiliza kutafuna kule, akasikia mtu akichekeshwa na kitu huko chini, na moyo wake ukakataa. Akafungua ngumi, mkono ukaning'inia.

Sakwe wakaona pazia liko chini na mzinga uko juu, na mzinga haujalia. Wakashangaa. Baadaye wakatuma watu wao merikebuni wakiwa mikono mitupu, nao wakasema wana njaa. Wakapewa wali wa makopo. Wakala, wakauliza kama kuna pilipili. Na vita vikaisha namna hiyo, watu wakilishana, wala hakuna aliyekumbuka kuandika tarehe.

Hapo ndipo lilipozuka swali la ile dunia ndogo. Mabaraza yote mawili yalijua kuwa kilicholeta vita ni ardhi moja kuwa na wenyewe wawili. Wakakubaliana iwe na mwenyewe mmoja tu, naye asiwe Mwangani wala Sakwe, bali awe yule aliyevimaliza vita. Huyo ndiye atakayeamua nani akae humo na nani asikae. Ili pasiwe na upendeleo wakamwita hakimu kutoka Hembe, dunia ya mbali ambayo haikuwa na mkono katika vita. Hakimu huyo aliitwa Ombeo, na lugha ya Kihembe hakuna aliyeijua isipokuwa Kasuku, maana kati ya wakalimani wote ni yeye tu aliyejazwa lugha zote.

Wakaketi kwenye ile dunia ndogo, juu ya udongo mweusi wenyewe. Ombeo akawataka wanaodai waseme.

Vuai akasimama, kofia mkononi. Akasema yeye ndiye aliyetumwa kufa, akaenda. Akasema miguu aliyokwenda nayo ni yake na shingo aliyoipeleka ni yake. Kama asingesema hodi, pasingekuwa na la kutafsiri, wala la kujibu, wala la kuzuia. Akasema anataka kulima mihogo, na udongo ule ameshauonja kwa ulimi, unafaa. Hakimu akamwuliza kama aliisema hodi kwa kukusudia amani. Vuai akafikiri, kisha akasema hapana, ilimponyoka tu. Ni mkweli mno yule, hafai kwenda mahakamani.

Irule akasimama. Akasema, "Mwenzangu alisema bila kujua anachosema. Mimi nilijibu nikijua. Niliiona bunduki. Nilijua mwenye njaa habebi silaha ya urefu ule. Nikafungua, kwa sababu kama tutachagua nani ana njaa na nani hana, basi sisi si Sakwe tena." Kisha akasema jambo ambalo wengi hawakulijua, kwamba jeshi lake lilimfukuza kwa kuvunja amri, na kwao hana tena pa kurudi. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetaja alikozaliwa.

Jemadari Mwanamkasi akasimama. Akasema wote wawili, aliyesema na aliyejibu, wangekuwa majivu kama yeye angebana kishikio mara ya pili tu. Akasema hodi zilishapigwa duniani na majibu ya "karibu" yalishatolewa, na bado watu wakauana, kwa sababu mwenye mzinga hakusikiliza. "Miaka yote nimesifiwa kwa kutii," akasema. "Siku moja sikutii, na ndiyo siku ninayojivunia." Akasema ana askari waliozaliwa merikebuni, hawajawahi kukanyaga udongo, na angependa wavue viatu mahali.

Watu wakadhani wamekwisha. Kofia mkononi mwa Vuai ikakohoa.

"Na mimi nadai," akasema Kasuku.

Wakacheka, mkalimani anadai nini. Kasuku akangoja wacheke mpaka watosheke. Kisha akasema kuwa hodi haina tafsiri kwa Kisakwe, na alipoisikia yalikuwapo maneno mawili ambayo angeweza kuchagua moja. La kwanza lilikuwa "nimefika", neno ambalo askari wa Sakwe hulipaza wakivamia. Hilo ndilo lililo karibu zaidi, na hilo ndilo fundi aliyemuunda angelichagua. La pili lilikuwa "nina njaa".

"Nilikuwa na muda mfupi sana wa kuchagua," akasema, "lakini kwangu mimi muda mfupi ni mrefu. Nikawaza, huyu haji kutangaza, anaomba. Na nilikuwa nimechoka kutafsiri 'jisalimisheni'. Nikachagua."

Jemadari akamwuliza kwa upole, kwa hiyo ulidanganya? Kasuku akasema hajui, wamwulize Vuai kama alikuwa na njaa au hakuwa nayo. Vuai akasema alikuwa nayo, tena kubwa. Kasuku akaongeza kuwa sasa amani imekuja, watu wanajifunza lugha za wenzao, na wakalimani wote watazimwa. Kwenye ardhi yake mwenyewe hakuna wa kumzima.

Ombeo akawauliza swali moja kila mmoja: ukipewa wewe, hawa wengine utawafanya nini? Vuai akasema watakaa naye, mihogo hailimwi na mtu mmoja. Irule akasema watakaa naye, walishakula pamoja. Jemadari akasema watakaa naye, lakini Koplo aache kupiga hodi kwenye hema lake mwenyewe. Kasuku akasema watakaa naye, la sivyo atazungumza na nani.

Hukumu ingekuwa nyepesi kama mmoja wao angekuwa mchoyo. Hata mimi ninayesimulia ningemtoa huyo haraka, tukabaki na watatu. Lakini walikuwa wema wote, na wema wao ndio uliomtesa hakimu wa watu.

Ombeo akasimama. Akatamka neno moja tu la Kihembe. Kisha akapanda chombo chake akaenda zake, kwa sababu kwao hakimu hasemi mara mbili.

Wote wakaigeukia kofia.

"Amesema ni ya aliyefungua," akasema Kasuku.

"Aliyefungua nini?" akauliza jemadari.

"Hakusema."

Wakatazamana. Vuai alifungua kinywa, hilo linajulikana. Irule alifungua mlango. Jemadari alifungua ngumi, na maofisa wake wote walimwona. Na Kasuku, yeye alilifungua neno, akatoa ndani yake kitu ambacho hata aliyelisema hakujua kimo. Irule akacheka kwanza, halafu Vuai, halafu hata jemadari, ambaye kicheko chake askari wake walikuwa hawajawahi kukisikia. Hakuna aliyekasirika. Jua lilikuwa zuri, na askari wa merikebuni walikwisha anza kuvua viatu bila kungoja ruhusa ya mtu.

Irule akaichukua kofia, akaiweka juu ya magoti yake. "Kihembe unakijua wewe peke yako," akamwambia Kasuku. "Chagua tena, kama ulivyochagua siku ile. Utakayemtaja tutamkubali, hata ukijitaja mwenyewe."

Na Kasuku, ambaye tangu aundwe hakuwahi kukosa neno, akanyamaza.

Bado amenyamaza, na wenzake bado wamemzunguka wakimngojea. Kwa hiyo mimi siwezi kuendelea, maana hadithi imekwama kinywani mwake. Saidianeni naye. Jifanyeni ninyi ndio mlio ndani ya kofia ile, neno la hakimu mnalo, na watu mnaowapenda wamewakazia macho. Je, nani alistahili?