Kinyonga Aliyeonekana Mno

Sogeeni karibu. Na wewe uliyekaa huko nyuma ukijidai hadithi ni za watoto, sogea pia, maana hii niliwatolea watu wazima wenye ndevu zao wakaondoka wanagombana njia nzima. Majibu sigawi. Hapa kazi yangu ni kuwatoa jasho tu.

Juu kabisa Usambara, kule ambako ukungu unaingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi, palikuwa na kitongoji kinaitwa Kwemhina. Humo waliishi watu wanne, kila mmoja na kipaji chake.

Sufiani alikuwa fundi cherehani, lakini kipaji chake kilikuwa jicho. Mngepita naye njia moja, wewe ukaona majani, yeye akaona mdudu anayekutazama. Alikuwa na kamera ya mtumba iliyozungushiwa plasta, na kila akimaliza kushona sare za shule alipotelea msituni.

Zaituni, binti wa mganga wa mitishamba, kipaji chake kilikuwa majina. Aliwahi kuwatembeza watafiti, basi kila kiumbe alikijua kwa Kisambaa, kwa Kiswahili, na kwa lile jina refu la kitaalamu linalouma ulimi.

Abedi wa bodaboda, kipaji chake njia. Ukimuuliza nyumba ya mtu, atakuelekeza mpaka mkono wako ushike komeo la mlango.

Na Kijazi, mwenye kibanda cha kuchaji simu, kipaji chake kilikuwa watu. Hakuna kundi la simu ambalo hakuwemo. Hata la akina mama wa kwaya alikuwemo, msiniulize aliingiaje.

Sasa Sufiani alikuwa na donda moja rohoni. Picha zake alizipandisha mtandaoni mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyeziona. Shemeji yake peke yake ndiye aliyebonyeza kupenda, na yule naye ni kwa huruma. Chini ya kila picha, awe ndege, uwe uyoga, Sufiani aliandika maneno yaleyale: "Uumbaji wa Mungu." Basi, kamaliza.

"Kaka," Kijazi alimcheka, "wewe unapiga picha au unazika maiti?"

Ndipo ikaja ile picha. Pale kwenye chemchemi, ndani ya msitu, Sufiani alimkuta kinyonga wa pembe mbili, mdogo kama kidole, shavu la buluu, amelala kwenye ncha ya jani na mkia kaukunja. Akampiga picha, akaitazama kwenye kioo cha kamera, akaitazama tena. Akaenda moja kwa moja kibandani kwa Kijazi, akawakuta wote watatu.

"Jamani, nisaidieni. Hii ikizikwa na yenyewe, nauza kamera."

Zaituni akafuta ule uumbaji wa Mungu. "Anayemtafuta huyu hataandika hivyo," alisema. Akaweka majina yote, lile refu likatangulia. Kuanzia hapo, mtu yeyote duniani akiandika jina hilo, picha ya Sufiani inamtokea.

Abedi akaweka mahali. Mwingine angeandika "Tanzania" akaridhika. Abedi ni Abedi: chemchemi ya Kwemhina, vuka daraja la magogo, kona ya pili, vichaka vya mkono wa kushoto, na alama kwenye ramani akaichomeka papo hapo.

Kijazi akaipa miguu. Aliituma kwenye makundi ya wapenda ndege, wapenda wadudu, wazungu wanaofuga vitu vya ajabu sebuleni. Kila aliyeuliza, alimjibu.

Hakuna aliyesita, na msiwacheke. Kwemhina nzima kinyonga anaogopwa. Akikatiza njia, mtu anageuza safari. Akidondokea bega la mtoto, mama anapiga yowe la msiba. "Nani aibe kinyonga?" Abedi alisema. "Hata mwizi wa kuku anamkimbia." Wakacheka wote, Sufiani akizidi.

Picha ikaonekana. Wee! Simu ya Sufiani ililia mpaka ikaisha chaji. Watu wa nchi asizozijua walimwita bingwa. Pale kibandani ikawa vita ya sifa.

"Bila majina yangu, ingeonekana na nani?" Zaituni akasema.

"Majina gani? Watu wamependa kwa sababu wamejua ni wapi!" Abedi akajibu.

"Nyie wote, mngeipeleka wapi bila mimi?" Kijazi akajipiga kifua.

Sufiani aliwaacha wabishane. Alijua jicho ni lake.

Wageni wakaja mchana kweupe. Wanaume wawili, wapole, Kiswahili chao kimenyooka, salamu zao ndefu kuliko zetu. Walikuwa na masanduku mepesi yenye vitundu. Wakamshika Sufiani mkono kwa mikono miwili. "Fundi, picha yako ndiyo imetuleta." Mnajua mtu akiambiwa hivyo anavyokuwa? Hakuuliza vile vitundu ni vya nini.

Kijazi aliwatafutia pa kulala, maana ndiye waliyeandikiana naye. Abedi aliwapandisha na pikipiki mpaka kona ya pili. Zaituni, walipomuuliza kinyonga hupenda kulala wapi, anakula nini, jike hutagia wapi, aliwajibu kila kitu, tena kwa raha, maana ni nadra mtu kumuuliza vizuri hivyo. Na Sufiani wakampa kazi: vifuko vidogo vya pamba, laini, vyenye kamba ya kuvuta mdomoni. Vingi. "Vya mbegu," walisema. Alishona mpaka mguu ukafa ganzi kwenye pedeli, na mishono akaizungusha mara mbili ili visifumuke. Alitaka wamsifu.

Siku waliyoondoka hawakuaga.

Asubuhi hiyo Sufiani alibeba kamera akaelekea chemchemini. Alipovuka daraja la magogo alisimama. Hakuna kilichovunjika sana, na hilo ndilo lililomtisha. Vichaka vilikuwa vimepekuliwa kwa adabu, jani kwa jani, kama nywele za mtoto anayetolewa chawa. Udongo chini ya miti ulikuwa umefukuliwa pale majike wanapofukia mayai. Alitafuta mpaka jua likawa juu, jicho lile lisilokosa. Halikuona kitu. Aliwaita wenzake, wakatafuta wote wanne, kila mmoja hataki kuwa wa kwanza kusema kwamba wameisha.

Zaituni ndiye aliyeokota kifuko kwenye miiba. Akavuta kamba. Ndani mlikuwa na kinyonga jike, mweusi kama mkaa, tumbo limejaa mayai, amekufa. Zaituni akageuza kitambaa, akatazama mishono iliyozungushwa mara mbili, kisha akamtazama Sufiani. Afadhali angemtukana.

Walipogeuka, Bibi Semeni alikuwa amesimama nyuma yao.

Huyu ndiye mtunza chemchemi, na hana muda wa porojo. Msitu wa Kwemhina una desturi yake. Ukiporwa, unapewa jina moja, la mwenyeji aliyesababisha; mgeni hahesabiwi. Mtu mwenye jina hilo hatatia mguu humo tena, hatakunywa maji yake, na akifa hatapitishwa humo. Na makaburi ya Kwemhina, yote, yako ng'ambo ya msitu. Jina lisipotolewa, Bibi Semeni anafunga njia kwa kamba ya mgomba, na kitongoji kizima hakichoti maji mpaka litolewe.

"Ijumaa," alisema. "Jina moja."

Oneni watu wanavyogeuka. Wale waliokuwa wakigombania sifa, sasa walianza kugawa lawama.

"Mimi nilitaja jina la mnyama," Zaituni alisema. "Jina liko vitabuni. Bila alama ya Abedi wangekuja wapi? Na mimi nikifungiwa, dawa za mama yangu nitazichuma angani?"

"Njia ni ya wote," Abedi akasema. "Mtu akiniuliza njia nimfiche? Aliyewaita ni Kijazi. Kwangu ni ng'ambo ya msitu, dada. Mkinifungia, mke wangu nitamwona kwa kumpungia mkono?"

"Mimi nimetuma nilichopewa!" Kijazi akapaza sauti. "Picha si yangu, vifuko si vyangu. Baba yangu kazikwa ng'ambo kule, nami nataka kulala karibu naye." Akageuka. "Na wewe Bibi, ulipomruhusu huyu aingie na kamera chemchemini, ulifikiri atapiga picha ya nini?"

Bibi Semeni akafunga fundo kwenye kamba ya mgomba aliyoishika. Kisha akalifungua, akalifunga upya, na Sufiani, mwenye jicho, aliliona.

Ijumaa ikafika, ndoo zimepangwa njiani, akina mama wamejishika viuno. Bibi Semeni akamsogelea Sufiani. "Wewe ndiye uliyepongezwa. Wewe utataja."

Sufiani alitazama msitu. Ukungu ulikuwa unashuka, na humo ndani, alijua, huenda bado kuna mmoja aliyewakwepa wageni, na ni yeye tu mwenye jicho la kumwona na kumlinda. Akijitaja, nani atamtafuta? Akimtaja mwenzake, amemfukuza mtu aliyekuja kumsaidia kwa sababu alimwomba. Akimtaja Bibi Semeni, nani atatunza chemchemi? Akinyamaza, zile ndoo zinarudi tupu.

Akafungua mdomo.

Mimi naishia hapa, msinikodolee macho. Kuna aliyeona, aliyetaja jina, aliyeonyesha njia, aliyeita watu, na aliyefungua mlango. Angekosekana mmoja wao tu, kinyonga angekuwa amelala kwenye jani lake. Haya wewe mjuaji, ndoo yako iko kwenye foleni na mtoto nyumbani ana kiu: ungemwambia Sufiani ataje jina la nani?