Mia Ambayo Hakuipata

Kulikuwa na mchezaji mmoja wa kriketi, katika nchi ambayo watoto wote hukimbilia mpira wa miguu. Alianza kwa kupiga mpira kwa ubao wa kitanda kibovu. Akakua, akavaa jezi ya taifa, akazunguka nayo nchi za watu mpaka ndevu zikaota mvi. Kitu kimoja tu hakuwahi kukipata: kufikisha mikimbio mia katika mechi moja.

Ikaja mechi yake ya mwisho. Wakishinda, wanakwenda Kombe la Dunia. Imebaki mipira miwili ya kurushiwa, inatakiwa mikimbio miwili, na yeye ana tisini na nane.

Kriketi hupigwa na wawili, kila mmoja upande wake. Mmoja akipiga, wote hukimbia kubadilishana nafasi. Huo ndio mkimbio, na huhesabiwa aliyepiga. Mwenzake siku hiyo alikuwa mrushaji, mtu ambaye kupiga hakukuwa kazi yake.

“Ukiona nimeinua mkono, usitoke,” mkongwe akamwambia. “Mpira wa mwisho niachie mimi.”

“Sawa, kaka. Ila mimi nikishatoka huwa sijui kurudi.”

“Basi usitoke.”

Akapiga. Mpira ukaenda kando, mkimbio mmoja wa wazi kabisa. Lakini akikimbia, mpira wa mwisho unakuwa wa mwenzake, na mia ndiyo kwaheri. Akainua mkono. Hapo akamwona mwenzake: kichwa chini, ameshatoka, pedi za kukinga miguu zinamgonga magotini, wala haangalii mkono wa mtu.

Ninyi mngefanyaje? Mngemwacha akwame katikati, atolewe mchezoni?

Akashusha mkono, akakimbia.

Mpira wa mwisho, yule mwenzake mrushaji aliugusa tu, ukabiringika karibu. Lakini mkongwe alikuwa ameshachomoka. Wakapishana, wakafika, timu ikashinda. Wenzao wakambeba mrushaji mabegani.

Mtangazaji akamfuata mkongwe, aliyekuwa akifungua pedi zake. “Tisini na tisa, mzee. Haikuumi?”

“Inauma. Lakini hiyo mia ningeipeleka wapi, wenzangu wakiwa wamerudi nyumbani?”

Ndugu zangu, sisi tunainua mkono mara ngapi? Katika kwaya, wimbo huu ni wangu, mwingine asianzishe. Jikoni kwenye shughuli, sufuria hii ni yangu, asiiguse mtu. Hata nyumbani, mke na mume, kila mmoja anahesabu zake. Na Mungu ametuweka wawili wawili, upande huu na upande ule, makusudi.

Mwenzako ameshatoka. Shusha mkono, ukimbie.