Mitungi ya Kufungia Mvua

Mwaka ule jua liliwaka mpaka miguu ya Kiboko ikaonekana. Hakuna aliyewahi kuiona kabla, kwa kuwa Kiboko hukaa majini kutwa, lakini sasa dimbwi la nyika lilikuwa limebaki maji ya kumfika magotini. Kila aliyepita alisimama kidogo kuitazama ile miguu mifupi, kisha akaendelea na kiu yake.

Dimbwi lilikuwa moja na wanyama walikuwa wengi. Walipoanza kuumana pale ukingoni, Simba alitoa amri. Ugomvi wao ulikuwa unamkosesha usingizi wa mchana, na mfalme asiyelala mchana hana tofauti na raia.

"Hakuna kupigana," alisema. "Tutacheza mpira. Wenye meno upande wao, wenye kwato upande wao. Watakaoshinda watakunywa asubuhi, maji yakiwa safi. Watakaoshindwa watakunywa tope la jioni. Itakuwa hivyo mpaka mvua inyeshe. Kwa sasa, kila nyumba iteke mtungi mmoja kwa wiki, basi."

Uwanja waliutengeneza katikati ya mto, maana ndipo palipokuwa tambarare na pana mchanga laini. Mto wenyewe ulikuwa umekauka miezi mingi. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini Mungu aliuchimba.

Sasa, Fisi hakuwahi kuchaguliwa kwa jambo lolote jema. Harusini walimketisha mbali na nyama, msibani walimketisha mbali na maiti. Yeye mwenyewe hakulaumu, kwani alijua kwamba angekuwa yeye mwenye shughuli, naye angemketisha Fisi mbali. Lakini Chui, golikipa wa timu ya Meno, alichomwa na mwiba, na Simba akasema, "Mwekeni Fisi golini. Nyika nzima inajua kwamba kitu kikishaingia kinywani mwake hakitoki."

Wote wakacheka. Fisi naye akacheka, kisha akaenda nyuma ya kichuguu akalia kidogo kwa furaha. Wiki tatu nzima alijifunza kudaka, akirushiwa mabuyu na watoto wake watatu, mpaka pua ikamvimba ikawa kubwa kuliko ilivyostahili.

Jumatano kabla ya mechi, Chura alipanda juu ya jiwe lake. Chura ndiye aliyekuwa mtabiri wa hali ya hewa, kazi aliyorithi kwa baba yake. Mwaka ule alikuwa ametabiri mvua mara saba, na mara zote saba likaja vumbi.

"Ndugu wananchi," alisema kwa sauti yake ya kukwaruza, "hali ya hewa ya Jumamosi itakuwa mbaya. Mvua kubwa, upepo na radi. Ngozi inaniwasha tangu jana."

Nyika nzima ikaguna kwa huzuni. Viumbe waliokuwa wanalamba umande kwenye mawe, wengine ndimi zimepasuka, walishika vichwa kwa sababu mvua inakuja.

"Jumamosi?" alilalamika Nyumbu, mshambuliaji wa timu ya Kwato. "Ingeshindwa nini kuja Jumapili? Mimi nimefanya mazoezi."

"Nikikosea mnanicheka, nikipatia mnaninunia," Chura akasema, akashuka kwenye jiwe.

Simba ndiye aliyechukia kuliko wote. "Nimekwisha kumwalika binamu yangu wa ng'ambo ya milima," alisema. "Nikamwambie kwamba huku kwangu kuna kitu kinaamua zaidi yangu? Nani ataizuia hiyo mvua?"

Hapo akajitokeza Sungura. Sungura hakuwa katika timu yoyote kwa sababu ya goti bovu, goti ambalo halikumsumbua hata siku moja alipokuwa anakimbizwa.

"Shikamoo mzee," alisema. "Bibi yangu mzaa mama alikuwa akifunga mvua kwenye harusi za watu, na kazi aliniachia mimi. Mvua ina huruma, mzee, huenda penye shida. Ikikuta mahali pana mitungi imejaa, husema hawa wameshapata, ikapita. Basi kila nyumba ilete mtungi wake, umejaa mpaka shingoni, umezibwa kwa gunzi na nta. Nitaizika yote shimoni kwangu, pale ukingoni juu ya uwanja. Miiko ni miwili tu. Asilisogelee mtu shimo langu mpaka kipenga cha mwisho, na asiitaje mvua kwa jina. Semeni Mgeni."

Lilikuwa jambo la kipumbavu, na kama mambo mengi ya kipumbavu, lilieleweka mara moja. Simba akawa wa kwanza kupeleka mtungi wake.

Nyumbani kwa Fisi palikuwa na mtungi mmoja, ambao Bi Fisi alikuja nao siku ya harusi yao. Shingoni ulikuwa na alama ya kucha tatu, aliyoichora mwenyewe udongo ukiwa bado mbichi. Alhamisi ilikuwa zamu yao ya kuteka, kwa hiyo ulikuwa umejaa, na maji hayo yalipaswa kuwafikisha Alhamisi nyingine.

"Mama watoto," Fisi alianza, akitazama pembeni, "kuna mchango."

"Nimesikia. Mnataka kuifunga mvua."

"Usiitaje. Sema Mgeni."

"Haya, Mgeni. Baba watoto, sisi tuna kiu?"

"Tuna kiu."

"Na Mgeni ana maji?"

"Anayo mengi."

"Kwa hiyo mnachukua maji yetu kumzuia asituletee maji, ili mkacheze mpira wa kugombania maji."

Fisi akafikiri. Likisemwa namna ile, jambo halikupendeza kabisa. "Wewe hujui mpira," alijibu, akatoka nje.

Huko nje ndiko Sungura alikokuwa anamngoja. "Kaka Fisi, nakuhurumia," alisema. "Timu nzima ya Meno imeshaleta, umebaki wewe. Mbweha kaleta miwili. Ananiuliza kama nafasi ya golini iko wazi, nami nikamwambia bado, kaka yangu hawezi kuniangusha."

Ijumaa, Bi Fisi alipokwenda kuchimba mizizi, Fisi akauziba ule mtungi kwa gunzi na nta nyeusi, akaubeba. Mtoto wake mdogo, aliyekuwa amelala mlangoni ulimi nje, akanyanyua kichwa.

"Baba, unayapeleka wapi maji?"

"Kwenye ushindi, mwanangu."

Mtoto akarudisha kichwa chini. Fisi alijua kwamba anafanya ubaya, na aliona aibu njia nzima. Alijijua vizuri kuliko wanyama wengi wanavyojijua, ila kujijua huko hakukuwahi kumsimamisha hata mara moja. Alipofika shimoni, Sungura aliupokea mtungi kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Jumamosi mawingu yaliamka kabla ya wanyama. Binamu wa Simba hakutokea. Msafiri mmoja alisema huko milimani mvua inanyesha tangu alfajiri, mpaka watu wakamziba mdomo kwa kulitaja lile neno. Sungura alikaa juu ya ukingo, usinga mkononi, akipepea kulia na kushoto. Wengi waliona amenenepa kidogo, na ngozi yake inang'aa, wakasema uganga wa kweli humpendeza mwenyewe.

Kobe, mwamuzi, alianza kuinua kipenga. Kilipofika mdomoni, Nyumbu alikuwa ameshapiga mashuti mawili. Mpira ukachezwa huku na huko, lakini zaidi huko, na Fisi akabaki golini kwake bila kugusa kitu. Aliyatemea mate makucha. Aliruka mara kadhaa bila sababu ili aonekane.

Kipindi cha kwanza hakijaisha, tone likamwangukia Simba puani.

"Sungura," alisema, "hiki ni nini?"

"Jasho la mapambano, mzee."

Likaanguka la pili, kubwa zaidi. "Na hili?"

"Mgeni anaaga, mzee. Anapita zake."

Mgeni akaaga kwa radi. Mvua ikashuka kwa ndoo, na kabla hawajaamua kama waendelee kucheza, wakasikia mngurumo kutoka juu, upande wa milima. Maji ya huko yalikuwa yanashuka na njia yao ya siku zote. Kwato na Meno wakakimbilia ukingoni, wakikanyagana bila kujali nani wa timu gani. Mpira wenyewe ulikwenda na maji, hakuna aliyeuona tena.

Fisi peke yake hakukimbia. Alikuwa amemwapia Simba kwamba hataondoka golini mpaka kipenga, na Kobe, kama kawaida yake, alikuwa bado anakinyanyua. Maji yalimfika tumboni. Akaukumbatia mti mmoja wa goli, akiwaza kwamba siku pekee aliyochaguliwa kwa jambo jema ndiyo siku atakayokufa, na kwamba hata msibani kwake watamweka mbali na nyama.

Ndipo akaona kitu cha duara kinamjia juu ya maji. Wiki tatu za mabuyu hazikupotea bure. Fisi aliruka, akakidaka kwa meno. Kikaja kingine, akakidaka. Kikaja cha tatu upande wa kushoto, akajinyoosha, akakipata kwa ncha ya kucha. Ukingoni watu walisahau mvua wakaanza kumshangilia, na Fisi, ambaye hakuwahi kushangiliwa tangu azaliwe, akadaka vitu kumi na kimoja kabla hajatazama anadaka nini.

Ilikuwa mitungi. Mmoja ulikuwa na alama ya kucha tatu shingoni.

Kiboko akaingia majini, akamtoa pamoja na mzigo wake. Juu kidogo ya uwanja, ukingo ulikuwa umemegwa na shimo la Sungura lilikuwa wazi, linatapika maji. Sungura mwenyewe alisimama karibu yake, ameloa chapachapa, usinga umemnata begani.

"Jamani, poleni," akawahi kusema. "Kuna mtu ametaja lile jina. Mwiko ukivunjwa hata bibi yangu asingeweza."

Wanyama wakaanza kutazamana, kila mmoja akimtafuta aliyetaja. Fisi akautikisa mtungi wa mkewe karibu na sikio. Ulilia cheketu, cheketu, maji yakicheza ndani.

"Mzee Simba," alisema polepole, "mtungi uliojaa huzama. Hii ilielea."

"Maji yamevuja," Sungura akasema.

"Gunzi lipo. Ila nta ni mpya, hii ya kwangu ilikuwa nyeusi." Fisi akaushika wa pili, kisha wa tatu. "Kila mmoja umepungua, na hakuna uliokwisha. Mtu amekunywa kidogo hapa, kidogo pale, akaziba upya."

"Mvua ndiyo iliyokunywa," Sungura akasema.

"Mvua hunywa maji?" Chura akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule mtabiri kusema jambo bila kuzomewa.

Sungura akacheka. "Ndugu zangu, tangu lini neno la Fisi likawa neno? Huyu aliyemeza ngozi ya ngoma ngoma ikiwa bado inapigwa?"

Habari ya ngoma ilikuwa kweli. Fisi angeweza kunyamaza, akaenda zake. Lakini alimkumbuka mtoto wake pale mlangoni, ulimi nje.

"Ni kweli," alisema. "Mimi ni mwizi, mzee, na sote tunajua. Ndiyo maana nakuambia. Ukiiba kwenye vyungu vingi, humalizi kimoja, maana mwenyewe atapiga kelele. Unapunguza kila kimoja kiasi cha kidole, kesho tena kidole. Nimefanya hivyo miaka mingi, ingawa sikuwahi kupata watu wakaniletea vyungu nyumbani. Naijua kazi hii kama ninavyoujua mkia wangu, na hii ni kazi safi. Kama mnabisha, jazeni mmoja mpaka shingoni, muuweke majini."

Kobe akajaza mtungi wa Simba, akauziba, akauachia mtoni. Ukazama bila hata kuaga. Wanyama wote wakamgeuzia Sungura macho, na safari hii goti lake bovu lilimwangusha kweli, maana Kiboko alikuwa amelikanyaga.

Simba aliunguruma, ila si kwa nguvu zake zote, kwa sababu mtungi wa kwanza kuzikwa ulikuwa wake. Akaamuru Sungura aijaze mitungi yote na kuirudisha nyumba kwa nyumba, na iliyovunjika aifinyange upya. Kwenye kila mlango aseme kwa sauti, "Hodi, mimi ndiye niliyeifunga mvua," na wenyeji wamtazame anavyotiririka maji ndipo wamfungulie. Ilinyesha siku nne, na siku zote nne Sungura alikuwa njiani.

Mtungi wa kucha tatu haukungoja zamu yake. Fisi aliubeba mwenyewe. Alikuta watoto wake wanakunywa kwenye nyayo za tembo zilizojaa mvua, matumbo yamewavimba, na Bi Fisi amesimama nje, anaoga mvua amefumba macho.

"Nisamehe, mama watoto," alisema, akauweka mtungi miguuni pake.

Bi Fisi hakufumbua macho. "Mlishinda?"

"Nilidaka mitungi kumi na mmoja."

"Na mpira?"

"Mpira haukuja kabisa."

Bi Fisi akajizuia, akajizuia, kisha akacheka mpaka akakaa kwenye tope. Fisi alimtazama, akajiona pale golini anarukia hewa ili aonekane, akajiona amebeba maji ya wanawe kwenda kuizuia mvua, na kicheko kikampanda naye. Kimemkaa mpaka leo. Ukimsikia Fisi anacheka huko nyikani, usidhani anakucheka wewe, anajicheka mwenyewe. Ila Sungura akikisikia kicheko hicho hubadilisha njia, kwa maana mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.